Anzia Kwenye Sahani: Kusafiri na Watoto Kutoka Tabora Hadi Kigoma

Wazazi wenzangu hapa Tabora wakisikia habari ya kuwafundisha watoto kwa safari, wengi huona ni mambo ya wenye nafasi. Wanafikiria Serengeti, hoteli na gari la kukodi. Mimi nafikiria treni ya kwenda Kigoma kwa bibi. Familia nyingi za kwetu hazisafiri kutalii. Zinasafiri kwa sababu kuna msiba, kuna harusi, au shule zimefungwa na mama mkwe anapiga simu kila Ijumaa kuuliza wajukuu wake wanaletwa lini. Nauli hiyo tutailipa tu. Ninachotetea hapa ni kwamba safari hizo hizo, ambazo tungezifanya kwa vyovyote, zinaweza kumfundisha mtoto wa miaka mitano au minane mambo yatakayomkaa, ikiwa mzazi atachagua kabla ya kuondoka kitu kimoja cha kufuatilia mpaka kinakotoka. Na kitu hicho, kwa maoni yangu, kitoke kwenye sahani ya mtoto mwenyewe.

Mtoto mdogo huuliza juu ya kile anachokijua. Mwambie mnakwenda kuona eneo la kihistoria, ataitikia "ndiyo mama" na kuendelea na mchezo wake. Mwambie mnakwenda kuona wanavyovuliwa wale dagaa anaowala kila wiki, atakuuliza maswali mpaka usingizi umchukue. Ukiwa na maswali ya mtoto mkononi, nusu ya kazi ya kufundisha imekwisha.

Sisi tulianza na chumvi. Mwanangu mdogo, akiwa darasa la awali, aliniuliza jikoni chumvi inalimwa wapi. Nililipenda sana swali lile, maana kwake kila kilichomo jikoni kimelimwa: mahindi, maharage, karanga, mchele, viazi. Ningeweza kumjibu kwa maneno matatu nikaendelea kukaanga vitunguu. Nikamwambia tutaitafuta. Kwanza tukaikoroga chumvi kwenye kikombe cha maji mpaka ikapotea. Akayaonja, akakunja uso. Kisha tukayamimina kwenye sinia na kuliweka juu ya paa la banda la kuku, na jua la Tabora la mwezi wa tisa mnalijua lilivyo. Kesho yake jioni sinia lilikuwa kavu. Chini umebaki ukoko mweupe, mwembamba, na pembezoni punje ndogo zinametameta. Akaukwangua kwa ukucha wa kidole gumba, akalamba, akakimbia kumwita kaka yake: "Imerudi! Chumvi imerudi!"

Kwa hiyo tuliposhuka Uvinza, mtoto alikuwa na kitu kichwani. Uvinza iko kwenye reli yetu hii hii, kati ya Tabora na Kigoma, jirani na mahali Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Chumvi yake haitoki baharini. Inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi zilizo mbali kabisa na pwani, na watu wameichemsha hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyungu na mabaki ya majiko ya kale. Kabla ya kiwanda, familia zilikuja kiangazi, wakati maji ya mto yamepungua na chemchemi zinaonekana. Zilipiga kambi, zikachemsha maji kwenye vyungu, zikatoa fungu la watawala wa Kivinza, kisha zikaondoka na mizigo yao ya chumvi kabla mvua hazijarudi. Chumvi hiyo ilisafiri mbali, pande zote za Ziwa Tanganyika. Wajerumani nao walipoingia wakaifanya ya kiwandani, na mpaka leo Uvinza inazalisha chumvi.

Baba yao mdogo, ambaye makazi yake ni Uvinza, alitupokea na chupa ya yale maji ya chumvi. Kwa macho ni maji tu. Mdogo akachovya kidole, akalamba, akaruka. "Haya ni makali kuliko yetu!" Baba mdogo akamwambia asiyanywe, amwage kidogo juu ya jiwe la moto la pale uani, aone. Wakachuchumaa wote wawili mbele ya jiwe lile kwa muda ambao sijapata kuwaona wametulia mahali pengine popote. Weupe ulipoanza kujitokeza ukingoni mwa lile tone, mkubwa ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikulitarajia: "Sasa hao watu wa zamani, kuni za kuchemsha usiku na mchana walikuwa wanazitoa wapi?"

Hapo mazungumzo yakahama kutoka kwenye chumvi yakaenda kwenye miti. Baba mdogo akawaeleza kwamba kuchemsha maji mpaka yakauke yote kunakula kuni nyingi mno, na kwamba jua, pale linapokuwa la kutosha, hufanya kazi ile ile bila kukata mti. Mkubwa akakumbuka sinia letu juu ya banda la kuku. Jambo hilo mimi sikulipanga, wala hakuna mwongozo ambao ungeniambia nilipange. Tuliporudi nyumbani akasoma kwenye pakiti, herufi kwa herufi, "yenye madini joto", akataka kujua ni nini. Nikamweleza kwamba huongezwa kwenye chumvi ili watu wasivimbe tezi shingoni, na kwamba zamani ugonjwa huo ulisumbua sana sehemu za bara zilizo mbali na bahari. Mtoto wa darasa la pili amefika kwenye afya ya jamii akitokea kwenye kijiko cha chumvi.

Watu huniuliza kwa nini nisipande basi nikafika mapema. Kwa watoto wadogo, nachagua treni kila ninapoweza. Ndani ya basi mtoto amefungwa kwenye kiti, anatapika, analala. Ndani ya treni anatembea, anakwenda dirishani, anasalimia watu. Nimeona watoto wangu wakijifunza shikamoo kwa dhati ndani ya behewa kuliko walivyojifunza nyumbani, kwa sababu nyumbani wanawasalimia wale wale, na pale wanakutana na mzee asiyewajua ambaye anaitikia "marahaba, mjukuu wangu" na papo hapo anawasogezea nafasi dirishani. Mtoto anaona heshima inavyofungua mlango, bila mtu kumhubiria.

Halafu kuna vibao vya stesheni. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, reli ya Tabora hadi Kigoma ni kitabu cha silabi kilichotandazwa ardhini. U-ra-mbo. Ka-li-u-a. U-si-nge. Ngu-ru-ka. Ma-la-ga-ra-si. U-vi-nza. Kaliua ilimpa mdogo raha kwa zile irabu tatu zinazofuatana, na Nguruka ilimtoa jasho kwa ile "ng" ya mwanzo. Kibao hakimsubiri, treni ikianza kuondoka, neno linaondoka nalo. Nadhani ndiyo maana alikazana. Shuleni neno lipo ubaoni hata akichelewa, na asipolisoma yeye atalisoma jirani yake. Hapa alitaka kuwa wa kwanza kutuambia tumefika wapi, na mama mmoja wa behewa letu alikuwa anamuuliza kwa kweli, kwa sababu alikuwa anashuka Usinge na alikaa upande usioona kibao.

Kwenye kila kituo biashara inakuja dirishani: mihogo, karanga, asali kwenye chupa, mayai ya kuchemsha, samaki. Mkubwa nilimpa pesa mkononi na kumwambia yeye ndiye mnunuzi wa safari. Sheria ilikuwa moja tu: kabla hujatoa noti, niambie utarudishiwa ngapi. Dirisha la treni linaharakisha hesabu. Muuzaji yuko chini anakimbia na beseni kichwani, honi imepigwa, na chenji bado haijarudi. Alijifunza kutaja bei kwanza na kutoa noti baadaye. Alijifunza pia kwamba mtoto mwenzake mwenye umri wake yuko pale chini anauza, muda wa shule, na hilo lilituletea mazungumzo marefu ambayo sikuyakwepa.

Reli yenyewe ina habari ambayo watoto waliipokea kwa urahisi nilipoifanya ya miguu. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Miaka hiyo kwa mtoto haina maana. Chenye maana ni hiki: sisi tumelala usiku mmoja ndani ya behewa, tukaamka tuko mbali. Watu wa misafara walikuwa wanatembea njia hii kwa miguu, kutoka Ujiji kupita Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000, na mzigo kichwani au begani. Mkubwa akaanza kuhesabu stesheni tulizopita akijaribu kufikiria kila moja kwa miguu. Alipofika ya tatu akaacha. Alikuwa ameelewa.

Habari hiyo ndiyo iliyotufikisha Ujiji tukiwa tayari. Wageni wengi huenda Ujiji kwa ajili ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo Novemba 1871, na jumba la makumbusho lipo, na miembe ipo. Mimi kama mzazi nina msimamo wangu kuhusu namna ya kuwaeleza watoto mahali hapa. Kuwaeleza wazungu wawili waliokutana chini ya mwembe na kuishia hapo ni kuwanyima watoto wa Tabora na Kigoma hadithi yao wenyewe. Mizigo ilibebwa na nani? Nani alipika, nani aliijua njia, nani alitafsiri? Niliwaeleza habari za Abdullah Susi na James Chuma, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi, wakapita hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, mpaka pwani. Watoto wangu wanaijua Kwihara, ni hapa hapa pembeni mwa mji wetu, na lile tembe alilokaa Livingstone tumewahi kuliona. Kwa hiyo walikuwa na picha.

Na utumwa? Hili huwatatiza wazazi wengi, na nina haki ya kusema ninavyoona. Mtoto wa miaka minane anaweza kuambiwa ukweli: kwamba watu waliotekwa walipitishwa kwenye njia hii wamefungwa, watoto wa umri wake wakiwemo, na wengi hawakufika. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuambiwa kwamba watu walichukuliwa kutoka kwao bila kutaka, na kwamba lilikuwa jambo baya sana. Inatosha. Akitaka zaidi atauliza, na ukimjibu kwa kadiri ya swali lake hutamtisha. Mdogo aliuliza kitu kimoja tu: "Mama zao walijua wamepelekwa wapi?" Nikamjibu kwamba wengi hawakujua. Akanishika mkono mpaka tulipotoka. Sikujaribu kumchangamsha haraka haraka. Kuna huzuni ambayo mtoto anastahili kuachiwa aihisi, mradi mkono wa mzazi uko pale.

Dagaa sasa. Swali lilikuwa la mkubwa, na kila mla dagaa Tanzania amewahi kuliuliza: kwa nini dagaa wana mchanga? Nyumbani tunawaloweka, tunawaosha, tunabadilisha maji, bado unasikia krrr kwenye meno. Jibu liko Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Tulifika asubuhi, mitumbwi ikiwa imerudi. Kina mama walikuwa wanapokea dagaa wabichi kwenye ndoo na mabeseni, wengine wanawatandaza juu ya mchanga wa ufukweni, wengine juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa na miti. Mkubwa alisimama katikati akatazama huku na huku. Sikumwambia kitu. Akachukua dagaa mmoja aliyeanza kukauka mchangani, akamgeuza, akamfuta tumbo kwa kidole, akaona chembe zimenata kwenye unyevu. Akaenda kichanjani, akachukua mwingine, akamgeuza. Hana kitu. Akanitazama kama mtu aliyekamata mwizi.

Mama mwenye kichanja, aliyekuwa anamtazama muda wote huo, akamwambia: "Umeona mwenyewe, mwanangu. Hawa wa juu bei yao ni nyingine." Akamweleza kwamba kichanja kinagharimu mbao na wavu, kwamba hewa inapita juu na chini dagaa wanakauka upesi, na kwamba mvua ikinyesha mfululizo kila mtu analia, wa mchangani na wa kichanjani. Mtoto akauliza kwa nini basi wote wasiweke vichanja. "Mtaji," akasema yule mama. Neno hilo mkubwa amerudi nalo nyumbani na sasa analitumia kwa kila kitu, pamoja na pesa ya kununulia gololi.

Upande wa uvuvi tulielezwa na mzee mmoja aliyekuwa ameketi anashona wavu. Watoto wakamwamkia shikamoo babu. "Marahaba wajukuu zangu, mmetoka wapi?" Tabora. "Ahaa, kwenye asali!" Akawaeleza kazi ya usiku. Mitumbwi inatoka jioni, taa zinawashwa juu ya maji, vijidudu vinaifuata taa, dagaa wanavifuata vijidudu, na migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, nao wanawafuata. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wana za betri na sola. Mdogo akataka kujua kama wanakwenda kila siku. Mzee akasema hapana, mwezi ukiwa mkubwa hawaendi. "Dagaa hawana haja na taa yangu siku hizo. Wana taa yao juu, ya bure."

Jioni ile ile, uani kwa bibi yao, watoto wakautafuta mwezi. Ulikuwa kipande chembamba. Basi wakaamua wenyewe kuuangalia kila jioni na kubashiri lini wavuvi watapumzika. Mdogo akauchora kwenye karatasi, kila usiku na umbo lake, na walio karibu na ziwa wanaelewa furaha ya kubashiri vile kisha kwenda ukingoni usiku na kuona kama taa zipo. Usiku wa giza ziwa huwa kama mji mwingine uliowashwa upande wa Kongo. Mbalamwezi ilipojaa, zile taa zikapungua mpaka karibu hazionekani kabisa, na mdogo akapita anawatangazia majirani wa bibi kwamba yeye alijua.

Niongeze jambo ambalo nililieleza kwa mkubwa peke yake. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Alikumbuka kipindi ambacho dagaa wa Kigoma walikuwa adimu sokoni kwetu. Akauliza kwa nini lazima nchi zote nne zikubali. Nikamwuliza yeye: ukiacha kuvua upande wako, na jirani yako akaendelea? Akafikiri kidogo. "Samaki hawajui mpaka," akasema. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kina hicho nilishindwa kukieleza kwa maneno. Tukakihesabu kwa minara: minara ya simu mirefu kama ule wa mtaani kwetu, mmoja juu ya mwingine, mpaka wakachoka kuhesabu.

Kuna somo moja la Kigoma ambalo halina gharama yoyote na linafanyika kila siku. Jua la Kigoma linazama nyuma ya milima ya Kongo, na linachelewa. Bibi yao mzaa mama yuko Dar es Salaam. Safari moja tulikuwa Ujiji Mwezi wa Ramadhani, watoto wakampigia simu kumsalimia. Anawaambia ameshafuturu, anakula tambi. Sisi huku jua bado liko juu ya maji na babu yao anatazama saa. Mdogo akaona bibi amekosea, labda amekula mapema, akataka kumsemea. Hapo ndipo chungwa na tochi zikatoka. Tukatia alama mbili kwenye chungwa kwa kalamu, moja ya Dar, moja ya Kigoma, tukazima taa ya chumbani, tukalizungusha polepole mbele ya tochi. Alama ya Dar ikaingia gizani kwanza. Kwa wazazi wanaopenda tarakimu: Kigoma iko karibu digrii 10 magharibi ya Dar es Salaam, na dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika 4, kwa hiyo tofauti inakaribia dakika 40. Tabora tuko katikati. Watoto wangu sasa wanajua kwa nini saa zetu zote Tanzania zinasoma sawa na jua halisomi sawa, na hilo kuna watu wazima ambao hawajawahi kulifikiria.

Bandarini niliwapeleka kuiona meli ya zamani, MV Liemba. Tulipoiona ilikuwa imetulia ikisubiri matengenezo, lakini hadithi yake inatosha bila kuipanda. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi huku, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe, lakini mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Grisi ndiyo iliyowashika watoto. Fundi baiskeli wa jirani na bibi akatupa misumari miwili na grisi kidogo kwenye karatasi. Mmoja tukaupaka, mmoja tukauacha, yote ikaingia kwenye kopo la maji. Haikupita siku nyingi, mmoja umevaa kutu, mwingine ukifutwa unang'aa. Mkubwa aliuweka ule wenye kutu mfukoni akaenda nao shuleni Tabora kumwonyesha mwalimu wake.

Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, hatukwenda, na niliwaeleza sababu. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, na ni sawa kabisa: mafua ya binadamu yanaweza kuwaua sokwe, na mtoto ndiye mbeba mafua mkuu. Lakini habari ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960 na kumwona sokwe akivua mchwa kwa bua la nyasi, inaweza kufanyiwa majaribio popote palipo na kichuguu, na Tabora vichuguu ni vingi kuliko nyumba. Watoto walichuma nyasi, wakajaribu. Nyasi laini inapinda haiingii. Ngumu sana mchwa hawaing'ati. Walihangaika muda mrefu mpaka mkubwa akapata bua lililotoka na mchwa wawili wakining'inia, na akasema sokwe ana akili kuliko alivyodhani.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma sekondari hapa hapa Tabora, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba mtoto wa Kiafrika wa zamani alijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa. Nakubaliana naye kwa moyo wote, na nasikitika kuona watoto wa awali wakipelekwa tuisheni jioni kunakili herufi ambazo wangeweza kuzipenda. Siwalaumu walimu, darasa lenye watoto wengi vile halitembei kwenda Uvinza. Sisi wazazi ndio tunaotembea. Jambo linalovunja somo, nimeliona mara nyingi, ni haraka ya mzazi: simu iko juu kupiga picha, mtoto amechuchumaa mbele ya kitu, na mzazi anasema twende, tumeshaona. Mwache achuchumae. Na asipouliza kitu, usimlazimishe. Mdogo wangu pale makumbusho alivutiwa zaidi na mjusi aliyekuwa ukutani, nasi tukamtazama mjusi.

Usalama nausema kwa ufupi kwa sababu hauna mjadala. Ziwani mtoto haachwi peke yake hata dakika moja, na boti bila jaketi okozi hatupandi, hata kama wenyeji wote wamepanda. Maji ya kunywa yachemshwe. Chandarua kiwemo kwenye begi.

Safari ijayo haina treni wala ziwa. Swali limetoka kwenye chai ya asubuhi: kwa nini asali ya Tabora nyingine ni nyeusi na nyingine ya rangi ya dhahabu? Tumeongea na mzee mmoja mfuga nyuki upande wa Sikonge, mwenye mizinga ya magome na ya mbao. Watoto wameshaambiwa kwamba mzinga wa gome unaua mti uliobanduliwa, na mkubwa amekwisha kuandika maswali yake, la kwanza likiwa kama mzee ana mtaji wa kuhamia kwenye ya mbao yote. Mzee amekubali tuende wakati wa kurina. Ametaka watoto wavae mikono mirefu na nguo zisizo nyeusi, na mama yao asipake manukato siku hiyo.